Baba Rehema wa Shauri Moyo

Niliondoka Kibwezi Jumanne asubuhi kwa sababu mama yangu alitaka kujua kama baba yangu, ambaye hatukuwa tumemzika bado, alikuwa na mtoto mwingine Nairobi. Nimejaribu kuyaanza masimulizi haya kwa sentensi yenye adabu zaidi. Nimeandika nyingi na kuzifuta zote, maana kila moja ilikuwa inalikwepa jambo lenyewe. Basi ndiyo hiyo. Mama mwenyewe amenipa ruhusa. Alisema, "Andika tu, Mwende. Waliotaka kusengenya wameshachoka."

Wengi wenu mlimjua Baba. Alikuwa Musembi fundi wa masanduku, mwenye kibanda nyuma ya soko, na kama mtoto wako alikwenda shule ya bweni huenda alibeba sanduku la bati lililotoka mikononi mwake. Kazi ile mliiona. Ya nyumbani hamkuiona yote. Baba ndiye aliyetufulia soksi Ijumaa jioni, mimi na wadogo zangu wawili, akazianika jozi kwa jozi kama mtu anayepanga bidhaa dukani. Alijua nani anapenda ukoko wa ugali na nani hali vitunguu. Siku ya wazazi shuleni hakukosa kamwe. Alifika kabla ya baadhi ya walimu, shati limepigwa pasi, akaketi mbele kabisa, akasikiliza hata hotuba ya mwenyekiti wa bodi. Mjini watu walimwita Baba Mwende, kama mzazi yeyote anavyoitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na nakiri kwamba nililipenda jina hilo kuliko alivyolipenda yeye. Nikilisikia sokoni nilikuwa natembea nimenyooka.

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga kurasa katika duka la kompyuta karibu na steji ya mabasi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuangalia na kwa kukosea, na labda ndiyo sababu naogopa sana kukosea. Vijitabu vingi vya mazishi mlivyovishika mikononi mwaka huu niliviandika mimi, na kuna familia moja niliyoichelewesha nusu siku kwa ajili ya koma. Sasa ilikuwa zamu ya wasifu wa baba yangu. Baada ya "alizaliwa" na "alisoma" palikuwa na pengo: miaka aliyofanya kazi Nairobi kabla ya kuoa. Nilimuuliza Mama niandike nini.

"Andika alifanya kazi Nairobi."

"Hiyo haitoshi, Mama."

Aliendelea kuchambua ndengu, kisha akaniambia kuhusu simu.

Siku chache baada ya Baba kutuacha, simu yake ililia mkobani mwa Mama. Namba ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la mtaa tu, Shauri Moyo. Sauti ya mwanamke ikasema kwa furaha, "Halo, Baba Rehema!" Mama akajibu kwamba hapo hakuna Baba Rehema. Yule mwanamke akaomba radhi, akakata. Mama hakumwambia mtu. Alipokea wageni wa matanga, akapika chai, akaimba nyimbo za kanisa, na muda wote huo alikuwa na jina hilo kifuani kama jiwe kwenye kiatu.

"Kila akienda Nairobi kununua bati alilala huko," aliniambia. "Mimi nampigia shati pasi. Sikuwahi kuuliza. Sasa nauliza."

Nikashauri tuipigie ile namba. Akakataa katakata. "Mtu akikudanganya kwenye simu huoni macho yake. Nenda wewe. Kama kuna mtoto, aje mchana, apitie mlangoni, nimjue. Sitaki anijie kaburini Jumamosi mbele ya watu wote."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Nyote mnajua mazishi ya aina hiyo. Mengine tumehudhuria pamoja, na tukirudi nyumbani hatuzungumzii mahubiri.

Njiani nilikaa kiti cha dirishani na sikuona mengi. Basi lilipita Makindu, likasimama Emali, wauzaji wakainua ndoo za matunda hadi kwenye madirisha, na mimi nilikuwa nikipanga maneno. Nilitunga hotuba ya hasira kwa huyo mama, nikaiacha kwa sababu sikujua kama angekuwa mkubwa wa kuitwa mama au wa rika langu. Nikatunga ya upole, nikaiona ina unafiki. Sultan Hamud nikaanza ya tatu, iliyoanza na "Kwa heshima na taadhima", mpaka jirani yangu akaniuliza kama ninaomba. Nikamwambia ndiyo. Akasema amina.

Baada ya Athi River viwanda vilianza, kisha ile barabara inayopita juu ya nguzo ikatufunika kama dari. Nilikuwa nimefika Nairobi mara chache tu, kila mara na Baba, na kila mara alinishika mkono hata nilipokuwa mkubwa wa kuona aibu.

Nilishuka steji ya Machakos, hapo hapo Nairobi, nikauliza njia ya Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Sikuhitaji kuuliza tena, kwa sababu Kamukunji husikika kabla ya kuonekana. Mamia ya nyundo yanagonga chuma kwa wakati mmoja, na hakuna anayesikiliza ya mwenzake. Vijana walikuwa wameketi chini wakifinyanga bati kuwa majiko, karai, makopo ya kumwagilia na masanduku. Baba alijifunza kazi mahali hapa. Alituambia hivyo kila mara, lakini hakuwahi kutuambia kuhusu kelele. Ghafla nikaelewa kwa nini nyumbani alipenda kukaa kimya, na kwa nini alikuwa akiongea kwa sauti kubwa kwenye simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Fundi mmoja mwenye aproni ya turubai aliniona nikisitasita.

"Niaje, sistee. Jiko ama karai?"

"Namtafuta mtu aliyemjua Musembi."

"Musembi gani? Hapa ukiita Musembi wanageuka kumi."

"Wa masanduku. Alifanya kazi hapa zamani, halafu akawa anakuja kununua bati."

Alitikisa kichwa. Nikaeleza urefu wake, rangi yake, kanisa lake. Hakuna. Mwishowe nikasema kitu ambacho sikudhani kina maana: kwamba alikuwa akiukunja ukingo wa sanduku mara mbili, ili usimkate mtoto kidole.

Fundi akaweka nyundo chini. "Si ungesema Baba Rehema! Wa kukunja mara mbili!" Akageuka na kupaza sauti juu ya zile kelele. "Oya, Karis! Kuna msupa anaulizia Baba Rehema!"

"Mwambie aende kwa Mama Rehema!" sauti ikajibu kutoka nyuma ya rundo la bati. "Na aharakishe, mahamri huisha mapema!"

"Wewe ni nani wake?" fundi akaniuliza.

"Mtoto wake."

Akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Rehema namjua. Wewe si Rehema."

"Mimi ni mwingine," nikasema.

Nilijisikia nikilitamka neno hilo. Kwa maisha yangu yote wengine walikuwa wengine.

Shauri Moyo si mbali na hapo. Fundi alinielekeza kwa kidole chenye masizi: vuka barabara, pita watu wa mikokoteni wanaotoka Gikomba na marobota ya mitumba, uliza nyumba ya mama wa mahamri. Nilipita katikati ya nyumba za zamani za baraza la jiji, kuta zimechakaa, kamba za nguo zimefungwa toka dirisha hadi dirisha, na watoto wanacheza mpira wa makaratasi kwa fujo kweli kweli. Kila mtu niliyemuuliza alijibu kwa swali. Unatoka wapi? Ni wa kwao? Umekuja na habari gani? Nilijibu kwamba natoka Kibwezi tu, na nikaona jina la Kibwezi likiwapa kitu cha kunong'onezana.

Mama Rehema nilimkuta nje ya mlango wake akisugua karai kwa mchanga. Ni mwanamke mnene, mfupi, amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Nilisimama mbele yake na zile hotuba tatu, na hakuna hata moja iliyokuja.

"Hodi," nikasema.

"Karibu." Akainua uso. Akanitazama, kisha akaliacha karai. "Ya Rabi. Wewe ni Mwende."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Paji la uso ni lake. Mwende ndiye mkubwa, halafu Mutua, halafu yule mdogo aliyeugua masikio, Syombua. Masikio yamepona?"

"Yamepona."

"Alhamdulillahi. Ingia, mwanangu. Mbona umekuja peke yako? Yeye yuko wapi? Bado anabishana na watu wa bati?"

Hapo nikaelewa kwamba hawakujua. Mama alikuwa amesema "hapa hakuna Baba Rehema" na simu ikakatwa, na huku Nairobi Baba alikuwa bado hai. Nilikuwa nimekuja kuuliza swali, na kumbe nilikuwa nimebeba msiba.

"Mama, Baba ametuacha. Moyo. Alianguka kibandani."

Alikaa kwenye kizingiti polepole, kama mtu anayepima kama kitamshika. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Hakulia kwa sauti. Alikunja leso ya kichwani, akajifuta uso, akaikunja tena. Kisha akauliza, "Mmemzika lini?"

"Tutazika Jumamosi."

"Jumamosi! Na leo Jumanne?" Alisahau machozi kwa mshangao. "Nyinyi Wakristo mnamngojesha mtu jamani."

Nilicheka. Sikukusudia, na nikaona aibu, lakini yeye pia alicheka, na katika kicheko hicho nikalitoa swali vibaya kuliko nilivyowahi kulipanga. "Mama, Rehema ni wa Baba?"

Kicheko chake kikakatika. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Ndilo ulilotumwa?"

"Ndiyo."

"Umetumwa na mamako?"

"Ndiye."

"Basi kaa chini. Kunywa chai kwanza. Swali kama hilo halijibiwi na mtu aliyesimama."

Chai ilikuwa ya tangawizi, na mahamri yalikuwa yamebaki mawili, ambayo alinilazimisha kula yote. Kisha akanieleza, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi nayaweka hapa kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

Alikuja Shauri Moyo akiwa amemshika Rehema mkono, mtoto anatembea tayari. Mume wake alikuwa amekwenda pwani kutafuta kazi, akapotelea huko. Mama Rehema akaanza kuwapikia mafundi wa Kamukunji mahamri. Baadaye ndipo Musembi alipofika, kijana wa kutoka Ukambani, akapanga chumba cha jirani. "Rehema ameshang'oka meno ya mbele, huyo Musembi ndiyo kwanza anaijua Nairobi. Piga hesabu mwenyewe, mimi sitakusaidia." Rehema alikuwa akitumwa kupeleka chai kibandani, na Musembi alimtengenezea vitu vidogo vya mabaki ya bati: kikombe, gari, filimbi isiyolia.

"Sasa madrasa yao ikafanya maulidi," alisema. "Watoto wanasoma mbele ya watu, wazazi wanaalikwa. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, katikati pazia. Mwenzangu, mimi naweza kukaa upande wa wanawake mpaka kesho, lakini upande wa wanaume sina mtu. Na watoto ni wabaya. Walikuwa wanamuuliza kila siku, wewe upande wa wanaume una nani? Bila kuniambia, mtoto akamfuata Musembi kibandani akamwambia, Jumapili njoo ukae upande wa wanaume. Na yeye, badala ya kusema mimi ni mtu wa kanisa, akasema nitakuja."

Alikwenda. Aliazima kanzu kwa jirani, ikamfika kwenye magoti kwa urefu aliokuwa nao, na kofia ikakaa kichwani kama kifuniko cha birika. Aliketi safu ya mbele kabisa, kwa kuwa hakujua kwamba mbele ni pa masheikh. Wenzake walipoitikia, yeye aliitikia baada yao. Zamu ya Rehema ikafika. Mtoto alisoma vizuri, bila kukwama, na alipomaliza, pakawa na kimya kile cha heshima.

"Babako akapiga makofi," Mama Rehema alisema.

"Makofi?"

"Kama kanisani! Na mikono ile ya nyundo, mwanangu, ilikuwa kama bunduki. Mimi niko nyuma ya pazia nikatamani ardhi ipasuke. Maalim akageuka, akauliza, huyu ni mzazi wa nani? Watu kimya. Yeye mwenyewe ameganda, mikono bado iko hewani. Rehema akasema, 'Ni wangu.' Basi ukumbi mzima ukacheka, maalim naye akacheka ndevuni. Toka siku hiyo mtaa mzima hapa hauna Musembi. Ni Baba Rehema. Hata mafundi. Hata mwenye nyumba. Hata Rehema mwenyewe, kwa utani."

Nilitaka kuuliza kitu ambacho binti hapaswi kumuuliza mama mtu mzima. Aliona macho yangu.

"Usiniangalie hivyo. Angenitaka, nisingekataa, nilikuwa msichana. Lakini mtu huyo ungeanzia wapi? Kutwa Kalondu, usiku Kalondu. Kalondu kaandika, Kalondu anapenda rangi ya samawati, Kalondu hataki kukaa Nairobi. Mamako tulimjua hapa kabla hajaolewa. Alipokwenda kumwoa tulimchangia sufuria."

Kalondu ni mama yangu.

Jioni Rehema alifika kutoka Donholm, ambako anafundisha watoto wa chekechea. Mama yake alikuwa amemwambia kwa simu aje tu, hakumwambia kwa nini. Ni mwanamke wa karibu miaka arobaini, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wafupi. Alipopewa habari aliingia chumba cha ndani akakaa huko hadi maghribi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso ameuosha.

"Ni mimi niliyepiga simu," alisema. "Mwanangu amepata shule ya bweni. Nilitaka kumwambia atengeneze sanduku."

Nilimwomba radhi kwa jibu alilopewa. Akasema Mama hakukosea, kweli hapakuwa na Baba Rehema. Kisha akaniuliza Baba alikuwaje nyumbani. Nikamweleza kuhusu soksi, kuhusu ukoko, kuhusu siku za wazazi na kuketi mbele. Alisikiliza akitikisa kichwa kama anayesikia wimbo anaoujua.

"Ni kwangu alikojifunzia," akasema. "Alinisuka nywele mara moja, nikaenda shule kama kuku aliyenyeshewa. Alinipeleka kliniki akasahau kadi. Alinunua viatu, vyote vya mguu wa kushoto, Gikomba. Wewe ulipata fundi aliyehitimu."

Alisema hivyo kwa utani, lakini uliniingia. Nilikuwa nimekuja na wivu uliokuwa umejificha ndani ya wasiwasi wa Mama, na sasa niliuona waziwazi: nilitaka niwe wa kwanza. Nilitaka Baba awe amezaliwa akijua kunifulia soksi. Nilifikiria kijana mmoja aliyevaa kanzu fupi, asiyedaiwa chochote na mtoto yule, akikaa mahali ambapo mtu alihitajika kukaa. Nikaona kwamba ubora wake wote niliousifia ulianzia pale, kwa kukosea mbele ya watu. Mimi nikikosea mbele ya watu sirudi tena mahali hapo. Yeye alirudi kila maulidi mpaka Rehema alipohitimu.

Lakini Rehema hakunificha upande wa pili. "Nilimwomba anitambulishe kwenu. Nilipoolewa nilimwomba. Nilipojifungua nilimwomba. Kila mara, mwakani. Mwakani. Alikuja harusini kwangu, akakaa na wanaume, akalia kuliko mama, halafu asubuhi akapanda basi kimya kimya kama mwizi."

"Alikuwa muoga," Mama Rehema alisema kutoka jikoni. "Mzuri sana, lakini muoga. Nilimwambia, mwambie mkeo. Akasema, nikimwambia leo ataniuliza mbona hukuniambia jana. Na kila siku jana zinaongezeka."

Hilo nalo nimeliandika, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nadhani Baba angelikubali kama angekuwa hapa na hana pa kukimbilia.

Jumatano asubuhi Rehema alinisindikiza hadi steji. Tulitembea kando kando. Basi lilipokuwa linajaa alinishika mkono wa shati. "Jumamosi," alisema. "Naweza kuja? Nitakaa nyuma. Sitaongea na mtu."

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na kila sababu. Nikasema, "Nitamuuliza Mama," na nikaona uso wake ukijifunga kama duka. Alikuwa amesikia mwakani nyingine.

Njia ya kurudi nilikuwa na safu moja tu ya maneno ya kupanga, na nilijua Mama hatataka hotuba. Nilimkuta nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wa kanisa wakipanga sahani za kuazima. Alinitazama mara moja, akawaacha, akaingia chumbani, nami nikamfuata. Alifunga mlango na kubaki amesimama.

"Yupo?"

"Yupo. Si wa damu."

Nikamweleza yote. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika kwa Kalondu hivi na Kalondu vile. "Sema tena hapo," akasema. Nikasema tena. Alikaa kitandani upande wa Baba.

"Rangi ya samawati," alisema. "Sijawahi kumwambia mtu mwingine." Kisha ghafla akakasirika, na hasira yake ilinifurahisha kwa kuwa ilikuwa ya mtu anayemkasirikia mume aliye hai. "Miaka yote hii nampigia shati pasi nikidhani anakwenda kwa mwanamke! Na yeye anakwenda kwa mtoto! Si angesema? Ningekuwa natuma ndengu. Ningemshonea mtoto sweta. Pumbavu huyu, amenifanya nimwonee wivu mtoto wa madrasa." Alilia na kucheka, na sikujua nimshike au nimwache.

Baadaye aliitafuta ile namba kwenye simu ya Baba. Aliondoka na simu hadi kwenye ua la miti ya nyuma, mahali ambapo hakuna anayesikia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Atakuja na mama yake. Kwenye kijitabu, muandike wa kwanza. Yeye ndiye mkubwa."

Hapo ugonjwa wangu wa kuogopa kukosea ukaamka. Nilimwambia tukiandika hivyo bila maelezo, watu watadhani ni wa nje ya ndoa. Nikapendekeza maneno: "binti wa kulea", au "aliyemchukua kama mwanawe alipokuwa akifanya kazi Nairobi", au aya fupi ya kueleza. Nilichapa aya hiyo mara nyingi. Mama alizisoma zote, akanirudishia.

"Andika Rehema," alisema. "Mwende, Mutua, Syombua. Na koma katikati yao. Koma unazijua."

Jumamosi, hemani, walifika mapema. Mama Rehema alivaa buibui jeusi, Rehema mtandio wa kijivu, na mtoto wake wa kiume alikuja na koti la shule mpya. Nilikuwa nimewawekea viti safu ya nyuma ya familia, kama Rehema alivyoomba. Mama alipita, akaona, hakusema kitu. Alimchukua Rehema kwa kiwiko akamleta mbele, akamketisha kati yake na mimi. Minong'ono ilianza hapo hapo. Kile hasa ambacho Mama alikiogopa kilikuwa kinatokea, mbele ya watu wote, na alikuwa amekileta yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Wasifu ulisomwa. Majina ya watoto yalisomwa. Mama Kioko, jirani yetu, ambaye tunampenda na ambaye hawezi kukaa na swali, aliinama kutoka safu ya pili.

"Kalondu," alinong'ona kwa sauti ya kufika barabarani, "huyu wa mtandio ni nani?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na kila kitu tayari na kwa mpangilio: kwamba alikuwa ameshang'oka meno Baba alipofika Nairobi, kwamba ni jirani, kwamba ni madrasa, kwamba hakuna damu wala aibu. Mama alinikanyaga mguu.

"Ni mtoto wa Musembi," akamwambia. "Mkubwa wao."

Mama Kioko akangoja. Akaendelea kungoja. Mama alitazama mbele, kwenye jeneza, na hakuongeza neno hata moja.

Nilikuwa nimekwenda Nairobi kulisafisha jina la baba yangu, na nilirudi na kila nilichohitaji. Mama, aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sote, aliliacha jina hilo lichafuke kidogo machoni pa watu siku ile, ili Rehema asikae mbele ya jeneza la baba yake akielezwa kama kesi. Sijui kama ningeweza. Ninajifunza. Maelezo mmeyapata leo, kwa kuwa Rehema naye ameyataka, na kwa kuwa sasa amekuja kwetu mara nyingi na hakuna tena anayemuuliza ni nani.

Mchungaji akawaita watoto wa marehemu waje mbele. Tukasimama wanne.